Kioo kishikwe, kisigandishwe: jinsi ya kutengeneza dirisha la mbao bila puti

Niliwahi kuitwa Wete, kisiwani Pemba, kubadilisha kioo kimoja cha dirisha la ghorofani. Bi mkubwa mwenye nyumba akaniambia, "Mwanangu, ni kioo kimoja tu, kabla ya adhuhuri utakuwa umeshamaliza." Dirisha lilikuwa la vioo sita, na puti yake, ule udongo wa kugandishia kioo, imekauka mpaka imekuwa kama jiwe la matumbawe. Nikaanza kuibandua kwa patasi, taratibu. Kioo cha pembeni kikapasuka. Nikahamia upande wa pili, kikapasuka na cha chini yake. Magharibi ilinikuta bado niko juu ya ngazi, nina vioo vitatu vya kulipa badala ya kimoja, na mbao iliyokuwa chini ya puti imeoza hata patasi inazama kama kwenye muhogo wa kuchemsha.

Tangu siku hiyo madirisha yangu hayatiwi puti. Hapa nitaeleza namna ninavyoyachora na kuyachonga, kwa vipimo, ili fundi mwenzangu au mwenye nyumba anayetaka kusimamia kazi yake aweze kufuata.

Kwa nini puti haidumu kwetu

Puti ya asili ni unga wa chaki uliokandwa kwa mafuta ya kitani. Inakauka kwa sababu mafuta yale yanashika hewa na kugeuka kuwa kitu kigumu, na ugumu huo unaendelea mwaka hata mwaka. Mbao nayo haitulii. Masika inanywa unyevu na kuvimba. Kaskazi ikivuma na jua likiwaka inasinyaa. Puti iliyokwisha kuwa ngumu haiwezi kuifuata mbao huku na huko, kwa hiyo inaachana nayo, na panapoachana panabaki mwanya mwembamba kama unywele. Mwanya huo unatosha kunyonya maji ya mvua. Maji yakishaingia hayana pa kutokea, maana puti yenyewe imeziba chini. Kioo kinaonekana kizima, rangi inaonekana nzima, na mbao inaoza kimyakimya.

Tazama madirisha ya nako, yale ya vipande vya kioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ambayo karibu kila mtaa wa Unguja na Pemba unayo. Kila kipande cha kioo kimekaa kwenye vishikizo vyake, hakikugandishwa na kitu. Kikivunjika kimoja, unafungua kishikizo, unachomoa, unatia kingine, na mtoto wa skuli anaweza kuifanya kazi hiyo. Hilo ndilo tunalolitaka kwenye mbao: kioo kikae juu ya vipande vya mpira, kibanwe kwa mpira mbele na nyuma, na maji yatakayopenya yawe na njia ya kutoka.

Kwanza, mbao

Mvule, mninga, msaji na mfenesi zote zinafaa. Mfenesi tunao wenyewe visiwani, na wazee waliutumia kwenye milango kwa sababu mchwa haupendi. Mvule ni mzuri mno kwa dirisha, ila ndani yake hutokea mawe, vipande vya chokaa ambavyo mti wenyewe umevitengeneza, na msumeno ukikutana navyo unapoteza meno. Vumbi lake linawasha ngozi na kifua, kwa hiyo jifunike pua na mdomo. Msonobari ni rahisi kwa bei, lakini usiutie dirishani kama haukutiwa dawa.

Muhimu kuliko aina ya mti ni ukavu wake. Kata kipande cha shibiri moja, kipime kwenye mizani ya jikoni, uandike uzito, kisha kiweke ndani ya nyumba penye kivuli na hewa kwa wiki nzima. Kipime tena. Kama kimepungua uzito sana, mbao zako bado mbichi. Zipange kwa vijiti katikati na uzisubiri. Najua mteja anakuharakisha. Mwambie ukweli, maana dirisha la mbao mbichi litampinda machoni pake.

Pili, mchoro na hesabu

Usianze kukata kabla ya kuchora ukubwa halisi kwenye kipande cha plaiwudi. Chora mkato wa ubao mmoja, kama vile umeukata kwa msumeno na unautazama kichwani. Mchoro huu ndio kazi yote. Makosa yakitokea hapa yanafutika kwa raba.

Nitatumia mfano wa ubawa mmoja wa dirisha la bawaba, yaani ile sehemu inayofunguka na kufungwa, upana milimita 500 na urefu milimita 900. Mbao zake, za wima na za mlalo, ni za inchi 2 kwa 3, ambazo zikipigwa randa vizuri zinabaki milimita 45 kwa 70.

Kwenye ukingo wa ndani wa kila ubao tunachonga ngazi ndogo ambamo kioo kitakaa. Nitaiita kidato. Kidato kinachongwa upande wa chumbani, si upande wa nje. Kimo chake milimita 15, kina chake milimita 28. Upande wa nje utabaki ukuta wa mbao wa milimita 17, na huo ndio utakaozuia kioo kisiende nje. Zile milimita 28 tunazigawa hivi: ukanda wa mpira 2, kioo 4, ukanda wa mpira 2, na papi 20. Papi ni ule mchirizi wa mbao utakaofungwa kwa skrubu upande wa chumbani ili kubana kioo.

Sasa hesabu ya kioo, ambayo wengi wanaikosea. Upana wa 500 ukitoa mbao mbili za 70 unabaki 360. Ongeza vidato viwili vya 15, unapata 390. Hicho ndicho kipimo cha kidato kwa kidato. Kwa urefu, 900 ukitoa 140 ni 760, ukiongeza 30 ni 790. Kioo kisikatwe 390 kwa 790! Acha milimita 3 kila upande. Kioo kitakatwa milimita 384 kwa 784.

Hizo milimita 3 zina sababu. Kioo chenyewe hakivimbi kwa mvua, na joto linakirefusha kwa kiasi kidogo mno, hata milimita moja haifiki kwa kioo cha ukubwa huu. Mbao ndiyo inayotembea. Dirisha langu la kwanza la namna hii nilikata kioo kikae barabara, nikajisifu jinsi kilivyoingia bila kucheza. Masika ilipofika mbao zikavimba, na kioo kikapata ufa kuanzia pembeni kwenda katikati, hakuna aliyekigusa. Kwa kipimo nilichotoa, kioo bado kinaingia ndani ya kidato kwa milimita 12 kila upande, na hakitoki ng'o.

Uzito nao uujue kabla ya kuchagua bawaba. Kioo cha milimita 4 kina uzito wa kilo 10 kwa kila mita moja ya mraba. Hiki chetu ni kama kilo 3. Ukienda milimita 6, ni kilo 4 na nusu. Kwa dirisha lililo karibu na sakafu, au mahali watoto wanapocheza, chukua kioo cha usalama na umwambie muuzaji hivyo. Kile kilichopikwa hakikatiki tena baada ya kupikwa, kwa hiyo vipimo viwe sahihi kabla hujaagiza.

Tatu, kuchonga na kuunga

Pembe ziungwe kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao wa mlalo iliyopunguzwa unene iingie kwenye tundu la ubao wa wima, ulimi unene wa milimita 15, ukae mara tu baada ya ule ukuta wa nje wa milimita 17. Kuna mtego hapa. Kwa kuwa mbao za wima zimechongwa kidato upande wa chumbani, bega la ubao wa mlalo (ule ukingo uliokatwa pembeni mwa ulimi) upande huo linatakiwa liwe refu kwa milimita 15 kuliko bega la nje, ili liingie kwenye kidato na kuziba. Ukiyakata mabega yote sawa, utabaki na tundu kwenye kila pembe. Liweke juu ya mchoro wako wa plaiwudi na utaliona.

Tumia gundi isiyoyeyuka kwa maji, na kabla haijashika pima mshazari: kamba au futi kutoka pembe hadi pembe, kisha pembe nyingine mbili. Vipimo viwe sawasawa. Ubawa uliokwenda upande utakipa kioo kazi ya kuunyoosha, na kioo hakiwezi.

Nne, njia ya maji

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu nimeona madirisha mazuri ya papi yakioza ndani ya misimu michache kwa kuikosa hatua hii.

Mvua ya kusi haidondoki. Inapigwa na upepo na kusukumwa ukutani. Mpira uwe mzuri vipi, iko siku tone litapita. Basi tone hilo litaanguka ndani ya kidato cha chini na kukaa pale, limezuiwa na ule ukuta wa nje. Kwa hiyo kidato cha ubao wa chini kisiwe bapa. Kiteremshe kuelekea nje kwa milimita 2. Kisha toboa matundu mawili kwa keekee ya milimita 8, yaanzie kwenye kona ya kidato, yapite kwenye ukuta wa nje, yakielekea chini, kila moja kama milimita 120 kutoka pembe ya ubawa. Usitoboe tundu la milimita 3 ukafikiri linatosha. Maji yananing'inia kwenye tundu dogo na kuliziba yenyewe.

Baada ya kutoboa, ndani ya tundu kuna mbao tupu inayokunywa maji kuliko mahali pengine popote. Mimi nachukua unyoya wa kuku, nauchovya kwenye rangi ya kwanza, nausokota ndani ya tundu hadi unatokea upande wa pili, halafu narudia kesho yake. Kidato chote nacho kipakwe rangi ya kwanza mara mbili kabla kioo hakijaingia. Papi zipakwe pande zote nne, pamoja na zile ncha.

Kizingiti cha chini cha fremu, kile kilichojengewa ukutani, kiteremke kuelekea nje na kitokeze mbele ya ukuta angalau milimita 40. Chini ya sehemu iliyotokeza chonga mfuo wa milimita 6, ili maji yanayotambaa kwa chini yakatike pale na kudondoka, yasirudi ukutani. Kuta za mawe na chokaa, ambazo Mji Mkongwe zina unene wa nusu mita na zaidi, zinabeba unyevu na chumvi, kwa hiyo mgongo wa fremu unaogusa ukuta upakwe kabla ya kusimamishwa. Baadaye hutaufikia.

Tano, vipande vya kukalia kioo

Kioo kisikae moja kwa moja kwenye mbao. Kinakaa kwenye vipande vya mpira mgumu, unene milimita 3, urefu kama milimita 40, upana kidogo zaidi ya unene wa kioo. Mabaki ya soli kwa mshona viatu yanafaa sana na hakudai kitu.

Kwa dirisha lisilofunguka, weka vipande viwili chini, kila kimoja robo ya upana kutoka pembeni. Kwa kioo chetu ni milimita 96. Lakini ubawa wa bawaba unataka akili zaidi. Ubawa unaning'inia kwa upande mmoja, kwa hiyo pembe ya chini ya upande wa komeo ndiyo inayotaka kulala kadiri siku zinavyokwenda. Kioo kikipangwa vizuri kinauzuia. Weka kipande kimoja chini, karibu na upande wa bawaba, kibebe uzito wa kioo. Kingine kiweke juu, karibu na upande wa komeo. Sasa kioo kimekuwa kama taruma ya mshazari: ubawa ukitaka kulala, pembe hizo mbili zinataka kukaribiana, na kioo kinakataa. Kwenye pembe mbili zilizobaki weka vipande vyembamba kidogo, visibane, viwepo tu kioo kisicheze.

Hakikisha hakuna kipande kilichokaa juu ya tundu la maji.

Sita, mpira, kioo, papi

Bandika ukanda wa mpira kuzunguka ukuta wa nje wa kidato. Ule laini wa milimita 3 wenye gundi mgongoni ndio bora, ukibanwa unabaki 2. Ukikosa, kata tyubu ya gari kwa kisu kikali na rula ya chuma, vipande vya upana wa milimita 10, na unene wa papi yako uupime upya kwa sababu tyubu haibonyei kama ule laini. Kwenye pembe usikunje mpira. Ukate na vichwa vikutane.

Kingo za kioo zisugue kwa jiwe la kunolea lililoloweshwa maji, upande huu na huu, mpaka zisikwaruze kidole. Si kwa ajili ya vidole tu. Ufa wa kioo huanzia kwenye pengo dogo la ukingoni. Beba kioo kikiwa kimesimama, kamwe usikilaze kama sinia, na vaa glavu.

Simamisha ubawa, kalisha kioo juu ya vipande vyake, kisukume taratibu dhidi ya mpira. Tia ukanda wa pili upande wa chumbani, kisha papi: ya chini na ya juu kwanza, halafu za pembeni zikae katikati yao.

Sasa skrubu. Usitumie misumari ya chuma. Hewa yetu ya bahari inaitia kutu, na kutu inapovimba inaipasua papi. Tena siku ya kubadilisha kioo utaibandua kwa nyundo, na tumerudi kule kwenye puti. Tumia skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu, urefu milimita 30. Na uelekeo wake ni huu: skrubu haiingii kutoka chumbani kuelekea nje, kwa sababu nyuma ya papi kuna kioo. Inapita kwenye kimo cha papi, zile milimita 15, na kuingia kwenye ubao, yaani inakwenda sambamba na uso wa kioo, kichwa chake kikiwa kimegeukia katikati ya dirisha. Iinamishe kidogo sana ncha yake iwe mbali na kioo. Ya kwanza milimita 50 kutoka pembeni, na zinazofuata zisipishane zaidi ya 150. Weka kipande cha katoni kati ya bisibisi na kioo.

Shaba ni laini na inakatika kwenye mbao ngumu. Toboa kwanza, kisha pitisha skrubu ya chuma ya ukubwa uleule ili itengeneze njia, itoe, na utie ya shaba iliyopakwa nta ya mshumaa. Utakuja kunishukuru siku ya kuifungua.

Ukimaliza, jaribu kupenyeza kipande cha gazeti kati ya mpira na kioo. Kikiingia bila kushikwa, papi imelegea. Kisha chukua kata ya maji, umwagie kioo kwa nje, nyingi, kata baada ya kata, mwenzako akiwa chumbani na tochi. Chumbani pasiingie tone. Kama maji yamepenya kwenye kidato, yatazame yakitoka kwenye yale matundu mawili ya chini. Siku ya kwanza nilipoyaona yakidondoka pale nje, moja moja, nilifurahi kama mtoto.

Vioo vidogo na vya rangi

Kwa yale madirisha madogo ya juu ya mlango, yenye vioo vya rangi, papi zinaweza kuonekana nene kupita kiasi. Huko chonga mfuo katikati ya ukingo wa ubao, upana wake uwe unene wa kioo na milimita 2 zaidi, halafu kioo kiteleze kutoka juu kama ubao wa droo, na ule ubao wa juu ufungwe kwa skrubu mbili ili utoke. Mfuo wa juu uwe na kina mara mbili ya wa chini. Njia hii nzuri palipo na kivuli cha baraza. Isipigwe na mvua ya moja kwa moja.

Na kama nyumba iko Mji Mkongwe, ambao umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, usibadilishe dirisha kabla ya kupata ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Nenda na mchoro wako. Uzuri wa papi za ndani ni kwamba mtu aliye barabarani haoni tofauti yoyote.

Kabla hujafunga papi ya mwisho

Chukua penseli na uandike ndani ya kidato, mahali papi itakapofunika: 384 kwa 784, unene 4. Kila papi nayo iandike namba mgongoni, juu, chini, kushoto, kulia, na skrubu nne za akiba umwachie mwenye nyumba kwenye kijaluba. Dirisha la Wete nimelitengeneza upya kwa njia hii, na kila kioo kina namba zake. Kikivunjika kimoja, Bi mkubwa atamwita mjukuu wake afungue papi, asome kilichoandikwa, na apige simu mjini aagize kioo kije na meli ya asubuhi.